Maji ya Mikono ya Memsabu

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kike aliniletea kitoto chake cha miezi mitatu nikione, na rafiki yake aliyefuatana naye, msichana wa mjini, akakiinamia akapiga ukelele: "Wau! Oo mai god!" Mie nilikuwa ukumbini napepeta mchele. Ungo ukanitoka mikononi. Kutahamaki nimeshasimama mbele yake nasema, "Sema Mashaallah, mwanangu! Liseme upesi!" kwa sauti waliyoisikia mpaka majirani. Wakacheka wote. Mjukuu wangu akamwambia mwenzake, "Msamehe Bibi, mambo ya zamani hayo." Yule msichana, masikini, akalisema kwa adabu zake, na mie nikarudi kuokota mchele. Nyinyi wenzangu wa rika langu, mliokulia Pemba ile ya utoto wetu, hamtanicheka. Na mkinicheka, chekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Bwana Shamba, Mwingereza aliyekuwa akisimamia mambo ya mikarafuu hapo Chake Chake. Sisi tulikaa Gombani, na Gombani ya siku hizo ilikuwa mihogo, migomba na mikarafuu, basi. Nikitoka chuoni, kusoma Kurani, nilikuwa naenda jikoni kwa baba kumkunia nazi. Kiingereza cha baba kilikuwa cha sufuria: supu, rosti, pudini. Lakini alikuwa na ujuzi wake mwingine ambao hakuufundishwa na mtu. Akishapeleka chakula mezani, alikuwa anasimama nyuma ya mlango wa chumba cha vyombo, kitambaa begani, anasikiliza. Maneno hakuyajua. Alikuwa anasikiliza makelele.

"Wazungu hawa," aliniambia, "hawangojani. Mmoja anasema, mwenzake anamkata katikati kwa ukelele, na hakuna anayeudhika. Wewe yaache maneno yao. Yajue makelele, umeshajua kila kitu."

Akanifundisha. "Oo!" fupi, inayopanda, maana yake pudini imempendeza memsabu, mkewe Bwana. "Oo" ndefu inayoshuka, nazi imezidi, na kesho ipunguzwe. Bwana akisema "Ai sei!" basi kuna habari ya kwao, au kaona samaki mkubwa kwenye sahani. "Rili?" ni mtu asiyesadiki alichoambiwa. Lipo jengine fupi ambalo Bwana alilisema akijigonga kidole, na hilo baba alinambia nikilitamka tu atanitia pilipili mdomoni. Nilikuwa na masikio mazuri. Muda si muda baba akawa hasimami tena mlangoni, ananituma mie, na mie narudi jikoni na ripoti yangu: "Oo fupi, baba, mara mbili." Basi uso wake ulikuwa unachanua!

Ila lilikuwako moja lililonitia wasiwasi tangu mwanzo. "Mai gudnes!" Memsabu alilisema kwa kila kitu. Mjusi kaanguka mezani, mai gudnes. Waridi limechanua, mai gudnes. Barua imekuja ya mtu kufa huko kwao, mai gudnes vile vile, ila kwa sauti ya chini. Kwetu ukelele una mahali pake. Lo ni lo, salale ni salale, na mtu akisema "Ala!" unajua umemuudhi na ujiweke tayari. Na kitu kikipendeza, liko neno moja linalotangulia, mengine yote yanafuata nyuma yake. Ukiona kizuri usiseme Mashaallah, umekitia jicho. Sasa huyu mwanamke anasifia kwa neno lile lile la mjusi na la maiti, na Mashaallah haijui. Nikaanza kumchunguza. Alilisema juu ya waridi, siku ya pili waridi likapukutika. Alilisema juu ya vitoto vya paka, kimoja kikafa. Akili yangu ya kitoto ikaamua kwamba neno lile linachukua. Linatoka kinywani mwake, linakwenda kukamata kitu, na hakirudi. Sikumwambia mtu, hata baba.

Wakati huo mama alikuwa amejifungua. Baada yangu mie alikuwa amezaa wawili na kuwazika wawili, na huyu wa tatu alikuwa mvulana, mnene, ana vishimo mashavuni. Jina lake la hakika lilikuwa Juma, lakini mama alimwita Kibaya, na sote tukamwita Kibaya, ili asimpendeze mtu. Kipaji chake cha uso kizima kilikuwa cheusi kwa wanja. Majirani wakija walijua la kufanya. "Lo, kibaya hichi!" walisema, "Kimefanana na nani hichi?" na mama akatabasamu akashusha pumzi. Alikuwa anamnyonyesha na kichwa kakielekeza mlangoni, kusikiliza nani anakuja. Sikumbuki kumwona akimchezea. Alikuwa anamlinda tu, basi.

Arubaini ilipopita, baba akaja na habari. Mama alikuwa anasonga ugali.

"Memsabu kasema yuaja Jumamosi na Bwana. Wanataka kumwona mtoto."

Mwiko ukasimama. "Kumwona nani?"

"Mtoto."

"Mwambie kalala."

"Siku nzima kalala?"

"Basi mwambie ana upele. Mwambie ana ndui! Huna ulimi?"

"Mke wangu, yule mwanamke hana mtoto. Kashona kofia kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwambie nini mie?"

Baba alidhani hilo litamlainisha. Kumbe ndio kamchoma. "Hana mtoto," mama akasema polepole. "Hana mtoto, na Mashaallah haijui, na wewe wamleta kwangu."

Baba wazee wake walitoka bara, na mambo ya kijicho hakuyaogopa kama mama, aliyekuwa Mpemba wa asili. Lakini alimwogopa mama. Akakuna kichwa, kisha akanigeukia. "Huyu hapa ndiye mjuzi wa makelele ya memsabu. Atasimama ubavuni pake. Memsabu akifungua kinywa tu, yeye amwambie, Memsabu, sema Mashaallah. Neno moja. Atalisema, si mtu mbaya yule."

Mama akanitazama. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. "Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Usichelewe. Ukelele wake usikae peke yake juu ya mtoto hata kidogo. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama, nimeelewa."

Siku tatu nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba, memsabu wangu ni mhogo. Mhogo unasema "Oo mai gudnes," unanyamaza, nami naukabili: "Memsabu, sema Mashaallah." Mhogo ulikuwa mtiifu sana. Usingizi sikuupata vizuri, na chuoni nikasoma aya ya jana badala ya leo, nikatandikwa.

Jumamosi wakaja, alasiri. Kwa vile Bwana alikuwapo, mama hakuweza kutoka, akabaki ndani nyuma ya mlango. Baba akawa anakata madafu uani. Mie ndiye niliyembeba Kibaya hadi barazani, kavishwa kanzu nyeupe, hirizi shingoni, wanja tele. Memsabu akavua kofia yake, akapiga magoti kwenye mkeka wetu na gauni lake lile safi, akanyoosha mikono. Nikampa.

"Oo!" Fupi, inayopanda. Nikafungua kinywa. "Oo, mai gudnes!" Nikavuta pumzi nimwambie, na kabla sijatamka likaja jengine, na jengine, na mengine ambayo mezani sikupata kuyasikia, yanafuatana mfululizo bila nafasi katikati. Wenzangu, mie nilifunzwa kwamba mtu mzima akisema mtoto hungoja. Sikio langu la kushoto lilikuwa bado lakumbuka kofi la mwalimu siku niliyomkata kauli. Mhogo wangu ulikuwa unasema na kunyamaza. Memsabu hakunyamaza. Nilikuwa nasubiri amalize nimwambie, kama adabu inavyotaka, na yeye hakumaliza. Kibaya akamcheka kwa ufizi mtupu. Macho ya memsabu yakajaa machozi, na moyo wangu ukaanguka, maana nilijua mwanamke asiye na mtoto anapolia juu ya mtoto wa mwenziwe ni kitu gani. Akambusu kwenye kipaji, midomo ikawa myeusi kwa wanja. Bwana akacheka, "Ai sei!" Kibaya akavikwa kofia ya kushonwa, nikarudishiwa, wakanywa madafu, wakaenda zao. Neno langu nililolisomea siku tatu lilikuwa bado limo kinywani.

Nikaingia ndani. Mama akamchukua mtoto mikononi mwangu kabla sijafunga mlango.

"Kasema?"

Mwaweza kuniuliza leo kwa nini sikusema kweli. Mie najiuliza kila siku. Niliona uso wake, nikaogopa. "Kasema."

"Mie sikulisikia."

"Kalisema kwa sauti ndogo, mama."

Akanitazama kitambo. "Alhamdulillahi," akasema, akageuka akaanza kumvua mtoto kofia ile.

Siku ya pili adhuhuri Kibaya alikataa ziwa. Jioni mwili ukachemka. Siku ya tatu alikuwa halii tena, anaguna tu, na macho yamefumba nusu. Sijapata kuwa na hofu kama ile tena maishani mwangu, na nimezaa saba. Chakula kilinishinda. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba naitazama ile mihogo, nasema, "Memsabu, sema Mashaallah, sema Mashaallah," kama kwamba likisemwa sasa laweza kurudi nyuma likafika Jumamosi.

Mwalimu wetu wa chuoni akaitwa. Akasoma, akaandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani sahanini, likaoshwa kwa maji, mtoto akatiwa matone kinywani. Kisha akauliza, kwa upole, maana alikuwa mtu mpole nje ya chuo, "Nani kamwona mtoto huyu hakusema Mashaallah?"

Mama akanitazama. Na mie, mbele ya mwalimu wangu, kashika tasbihi yake mkononi, nikasema, "Memsabu kalisema, maalim. Nilimsikia."

"Basi tumwombe Mungu," akasema. "Maana jicho likijulikana la nani, dawa yake ni nyepesi. Hutwaliwa maji aliyonawia yule mtu, uso na mikono, akaogeshwa nayo mtoto. Lakini kama hayupo, hayupo."

Kwa hiyo dawa ipo, na niliyekaa mbele yake nimeizuia ni mie! Sikungoja hata mwalimu avae viatu. Nilitoka mbio Gombani mpaka Chake, kanga imenivuka kichwani naiburuta, watu wananiuliza "Wenda wapi wewe?" na mie sijibu. Nilijua saa ile memsabu hutoka kwenye maua yake akanawa kwa ajili ya chakula. Beseni lake lilikaa kwenye baraza ya nyuma, juu ya kigoda kirefu, na maji yake boi wa nyumbani alikuwa anayamwaga kwenye mawaridi. Nikachukua chupa tupu ya siki jikoni, baba kanipa mgongo yuko motoni, nikajibanza nyuma ya pipa. Memsabu akaja, akavua pete akaiweka kando, akanawa mikono, akajimwagia usoni, akajifuta, akaingia ndani. Nikaruka. Nusu ya maji ikamwagika sakafuni, lakini chupa ikaanza kujaa, povu la sabuni linapanda shingoni.

"Wot on ath!"

Memsabu kairudia pete yake. Huo nao ulikuwa ukelele mpya kwangu, na sikuwa na nafasi ya kuuchunguza. Nikasimama na chupa yangu kifuani. Baba akatoka mbio, mwiko mkononi. "Kunani?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. "Baba, memsabu hakusema. Mie nilidanganya nikasema kasema, na Kibaya anakufa, na maalim kasema maji yake ndiyo dawa."

Mwiko wa baba ukawa unadondosha mchuzi barazani. Memsabu akamwuliza kitu. Baba akamjibu kwa Kiswahili kile cha kuzungumza nao, kilichokatwa mikono na miguu: "Toto gonjwa, memsabu. Toto gonjwa sana."

Hapo nikamsikia. "Oo, no," akasema. Haikuwa fupi wala ndefu, haikupanda wala haikushuka. Haikuwa katika yale niliyofundishwa. Alisema kama mama alivyosema siku walipotoka watu na jeneza dogo nyumbani kwetu, na mie nimemshika nguo. Nikamtazama usoni, mara ya kwanza kabisa bila ya kutega masikio, nikamwona mwanamke tu, amelowa mashavu, ameingiwa na hofu kama sisi. Akageuka akaingia ndani mbio, pete kaiacha pale pale.

"Nenda," baba akaniambia. "Ziba chupa kwa kidole. Usikimbie, yatamwagika. Haya, nenda!"

Nilimkuta mama peke yake, kampakata Kibaya. Nikapiga magoti nikaiweka chupa mbele yake. "Mama, maji ya mikono ya memsabu haya. Hakusema, mama. Nilikudanganya."

Nikainamisha kichwa kungoja kofi. Halikuja.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Kwani mie sina masikio?"

Akanipa mtoto nimshike, mwili ni moto mtupu. Akatwaa bakuli kubwa la udongo, akayamimina maji yale yote, na povu lake. Nikadhani sasa atamwogesha. Hakumwogesha. Alikunja mikono ya nguo yake, akatia mikono yake mwenyewe ndani ya bakuli.

"Mama, wafanya nini?"

"Nilikuwa nachungulia," akasema, hanitazami. "Nikamwona yule mzungu na gauni lake kapiga magoti kwenye mkeka wetu, yualia kwa uzuri wa mwanangu. Nikasema moyoni, naam, mzuri. Mzuri, na wangu mie. Nikafurahi, mwanangu. Nilifurahi hata Mashaallah ikanipotea." Akateka maji kwa viganja akajimwagia usoni, yakatiririka yakarudi bakulini. "Wale wawili sikuwafurahia hata siku moja. Niliogopa tangu siku ya kwanza. Huyu nimemfurahia mara moja tu, muda wa mtu kunywa dafu." Akanawa mkono wa kulia mpaka kiwikoni, kisha wa kushoto, polepole, akikamua kila tone lisipotee. "Uliponambia memsabu kasema, nilijua kuwa waongopa. Nikataka uwe kweli. Ingekuwa kalisema yeye, basi na mie lingenitosha. Nipe ntoto."

Akamwogesha Kibaya kwa maji yale, kichwa mpaka nyayo, na machozi yake yalikuwa yanaongezeka humo humo. Alasiri baba akaja na vidonge vyeupe vya kwinini alivyopewa na memsabu, vikasagwa, vikachanganywa na maziwa ya mama, mtoto akatema nusu. Siku ya pili homa ikashuka. Siku ya tatu alilia kwa njaa, nyumba nzima ikasikia, na baba akakaa chini palepale mlangoni akashindwa kuinuka. Baba alisema kwinini. Mwalimu alisema maji. Mama hakusema kitu, na mie nikajifunza kwake kunyamaza.

Ila toka siku ile mama hakumsifu tena yule mtoto. Si mbele za watu, si nyuma ya mlango. Alimwita Kibaya mpaka ndevu zikamwota. Kahitimu chuo, mama akasema "Haya." Kaoa, "Haya." Kajenga nyumba ya mawe, mama akaizunguka mara moja, akasema mlango umekwenda upande. Ndugu yangu alikuwa anacheka watu wakiwapo. Mimi nilimwona akiwa hacheki.

Mama alipofariki, siku watu wa matanga walipotawanyika, tulikaa wawili uani, yeye na mie. Ndevu zake zilikuwa zimeshaingia mvi.

"Dada," akasema, "nikuulize kitu, usinifiche. Mama alinipenda mie?"

Nikamweleza, tangu makelele ya mezani mpaka bakuli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa mtu. Hakunikata kauli hata mara moja. Nilipomaliza aliingia ndani akarudi na bakuli la maji, akaniwekea mbele yangu.

"Nionyeshe alivyonawa," akasema.

Nikakunja nguo, nikanawa uso, kisha mkono wa kulia mpaka kiwikoni, kisha wa kushoto, polepole, kama nilivyomwona. Nilipomaliza nilitaka kuyamwaga maji. Alikuwa kakiinamisha kichwa juu ya bakuli kama anayengoja kuogeshwa, kalishika kwa mikono miwili, na hakuniachia.